Acheni kuwalaza watoto wachanga kwa dawa ya mafua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Barua itakuwa ndefu kidogo, unisamehe. Mtu aliyemaliza ujana wake wodi ya wazazi akianza kusema habari za watoto wachanga hajui pa kukomea.

Hapa kwetu Ngamiani, Tanga, na wenzangu wa Korogwe na Dar es Salaam wananiambia kwao ni yale yale, dawa ya maji ya mafua imekuwa ndiyo dawa ya kulaza watoto wachanga. Mtoto hana mafua wala kikohozi. Kosa lake ni kulia saa nane usiku. Asubuhi mama yake anapewa ushauri bombani: "Mpe kifuniko kimoja tu, shoga, utalala mpaka uchoke." Jioni anakwenda duka la dawa, muuzaji hamuulizi hata umri wa mtoto, na usiku ule nyumba nzima inalala. Ndiyo maana ushauri huu unaenea, kwa sababu matokeo yake yanaonekana siku hiyo hiyo. Ninachouliza ni nini kinachotendeka usiku ule ndani ya mwili wa mtoto wa kilo nne.

Nyingi ya dawa hizo zina kemikali ya kukausha mafua ambayo papo hapo huleta usingizi. Soma boksi lake: mtu mzima anaonywa asiendeshe gari wala mashine akishainywa. Mtu mzima wa kilo sabini! Ini na figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa, dawa inamkalia mwilini muda mrefu, na kinacholegea si macho peke yake, hata pumzi inalegea. Promethazini, ambayo akina mama wengi wanaijua kwa sura ya chupa kuliko kwa jina, Marekani imepigwa marufuku kwa mtoto wa chini ya miaka 2 kwa sababu kuna watoto waliokatikiwa pumzi wakafa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari kwamba watoto wa chini ya miaka 2 wasipewe dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari. Tena wapo watoto ambao dawa hizi huwageuzia kibao: badala ya kusinzia wanachachamaa, wanapiga mayowe kuliko mwanzo, na mama, kwa kutojua, anaongeza kifuniko cha pili.

Mtakumbuka pia ya Gambia mwaka 2022, watoto wapatao 70 walipofariki kwa kuharibika figo, vifo vikahusishwa na dawa za maji zilizokuwa na kemikali za sumu ambazo hazikutakiwa kuwamo. Sitaki kuchanganya mambo: kule tatizo lilikuwa sumu iliyoingia kwenye dawa, halikuwa watoto kulazwa kwa nguvu. Lakini moja ya dawa zile ilikuwa promethazini hiyo hiyo. Dawa ya maji ni kitu cha kuangalia mara mbili hata mtoto anapoumwa kweli, sembuse anapokuwa mzima.

Sasa nisije nikaonekana nawasuta akina mama. Katika ua ninaokaa tuna vyumba sita na choo kimoja. Binti mmoja amejifungua mtoto wake wa kwanza mwaka huu. Mama yake mzazi yuko Tunduru, hakupata nauli ya kuja kumtunza uzazi. Mumewe anaendesha bajaji usiku. Arobaini ya binti yule ilipita yeye na mwanawe ndani ya chumba kimoja, feni na ndoo. Mtoto alipofika wiki ya sita akawa analia kuanzia magharibi mpaka saa sita usiku. Jirani mmoja akawa anagonga ukuta. Mwenye nyumba naye akatuma ujumbe kwamba wapangaji wanalalamika. Nilipoingia kumjulia hali nikaona chupa nyuma ya redio, kifuniko kimenata sukari.

"Mwanangu, hii dawa ya nani?"

"Ya mtoto, bibi."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Watu wanataka kulala."

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Yule binti hakuwa mjinga. Alikuwa ameshapiga hesabu kwamba kati ya mtoto na wapangaji wenzake, mtoto ndiye atakayefukuzisha watu chumbani.

Kwa hiyo nasema na wote, wenye watoto na wasio nao. Mtoto mchanga analala sana. Shirika la Afya Duniani linataja saa 14 hadi 17 katika saa 24 kwa mtoto wa chini ya miezi 3. Ila analala vipande vipande. Tumbo lake dogo, maziwa ya mama husagika upesi, na kunyonya mara 8 hadi 12 usiku na mchana ndiyo kawaida yake. Usiku na mchana kwake ni mamoja. Saa ya mwilini huanza kujipanga mwezi wa pili, wa tatu. Katika muda huo maziwa ya mama yanamsaidia, kwa kuwa yale ya usiku yana homoni ya usingizi ambayo mchana karibu haimo. Mama anayempa mtoto ziwa saa tisa za usiku ameshampa dawa, wala hakwenda dukani.

Kilio nacho kina kalenda yake. Huanza kupanda wiki ya pili, hufika kileleni karibu wiki ya sita, halafu hushuka, na wengi wakifika mwezi wa tatu au wa nne wameshatulia. Saa zake ni za jioni. Watu husema ni mchango, wanatafuta mizizi, wanatafuta maji ya tumbo ya chupa, na mtoto akishatulia mwezi wa nne sifa inakwenda kwa mzizi. Watafiti walikwenda mpaka kwa Wasani, wawindaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, ambao mtoto kutwa yuko mwilini mwa mtu na akiguna tu anapewa ziwa. Wakakuta hata watoto wa kule hulia zaidi wiki hizo hizo za mwanzo. Tofauti ni kwamba vilio vyao ni vifupi, kwa jumla kama nusu ya muda wa watoto wa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo kilio hakizuiliki chote, lakini kinapunguzika, na kinachokipunguza ni kubebwa.

Mbeleko, ndugu zangu. Mwaka 1986 kule Montreal, Kanada, wazazi waliombwa wawabebe watoto wao kwa saa chache zaidi kila siku, hata wakiwa hawalii, na walipofika wiki ya sita watoto wale walikuwa wakilia muda mfupi kuliko wenzao kwa asilimia 43. Nasikitika kuona dada zetu wa mjini wanaionea haya mbeleko kwa sababu inawazeesha, kisha wananunua kile kibebeo cha mikanda cha bei mbaya. Basi hicho pia ni mbeleko, kivaeni. Mradi uso wa mtoto uonekane, pua isizibwe na nguo, kidevu kisikunjamane kifuani.

Namna ya kumlaza ndiyo inayowashinda wengi, nitaieleza kwa kituo. Mtoto akilia ameshashiba na amekauka, mbebe usimame, utembee naye mwendo ule ule wa taratibu bila kusitasita, dakika 5 hivi. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walipima mapigo ya moyo ya watoto na kukuta kutembea naye kunamtuliza kuliko kukaa naye tu mikononi. Akishasinzia, hapo ndipo watu wanapoharibu: wanakimbilia kitandani. Wajapani wale walisema kaa naye kwanza dakika 5 mpaka 8 usingizi ukolee. Mimi sina saa ukutani. Nanyanyua mkono wake kidogo na kuuachia, ukianguka wenyewe najua amekwenda. Hapo unainama naye akiwa bado amegusana na kifua chako, matako yatangulie godoro, kisha mgongo, kichwa kiwe cha mwisho. Ukitanguliza kichwa anahisi anaanguka, mikono miwili inaruka juu, macho hayo! Unaanza upya. Akishalala kiganja chako kibaki kifuani pake kwa muda, kizito kidogo, halafu ukiondoe kidole kimoja kimoja.

Na akigunaguna, akakunja uso, akachezesha miguu huku macho yamefumba, msimrukie. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga uko hivyo. Subiri kidogo, tega sikio. Nimewaona akina mama wengi wakimwamsha mtoto aliyelala ili wambembeleze alale.

Mchana mwacheni kwenye mwanga na kelele za nyumba, vyungu vilie, redio iseme. Usiku taa iwe hafifu, asisemeshwe, simu isimulikwe usoni. Anyonye, acheue begani, abadilishwe nepi kama kuna haja, arudi. Hakuna mchezo.

Joto nalo ni adui tunayemvalisha sisi wenyewe. Januari ya Tanga, mtu mzima kavaa kanga moja na bado anajipepea, mtoto yuko ndani ya sweta, kofia ya sufi, soksi na blanketi la manyoya, kwa sababu wageni watasema mzazi hamjali mwanawe. Analia harara imemjaa shingoni, mnasema mchango. Ingiza vidole nyuma ya shingo yake. Pakiwa na jasho, mvue.

Uji mwepesi wa jioni "ili ashibe alale" kwa mtoto wa miezi miwili, maji ya sukari, asali ya kulambishwa: yote haya nimeyakuta. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Asali chini ya mwaka mmoja isiguswe kabisa, kwani huweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu tumboni mwa mtoto, nayo hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia.

Halafu mlaze chali. Najua hapa nitapingwa na mabibi wenzangu, ambao wanamlaza kifudifudi au ubavu wakihofia akicheua atapaliwa. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini yake, kwa hiyo anachocheua kinarudi kilikotoka. Kulala kifudifudi ndiko kunakohatarisha. Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 walianza kampeni za kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa kiasi cha nusu. Bila mto, bila blanketi zito karibu na uso, godoro lisilobonyea, chandarua kimechomekwa pande zote. Vitabu vya wenzetu vinasema mtoto awe na kitanda chake. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi sijui kitawekwa wapi, kwa hiyo nasema hivi: akilala nawe, alale upande wako, mbali na mito, na baba aliyekunywa pombe au anayevuta sigara atafute mkeka. Na kwenye sofa mtu asisinzie na mtoto kifuani hata kidogo.

Kuna usiku ambao hakuna kinachosaidia. Umebeba, umenyonyesha, umeimba, umelia na wewe. Ukihisi mikono inataka kufanya usichokitaka, mlaze chali kitandani, toka nje barazani dakika chache, unywe maji, urudi. Kulia dakika hizo hakumdhuru. Kumtikisa ndiko kunakomdhuru. Ubongo wake hugongwagongwa ndani ya fuvu, na wapo wanaobaki na ulemavu maisha yao yote. Mzazi ambaye huzuni haimwishi wiki baada ya wiki, halali hata mtoto anapolala, anawaza mabaya, apelekwe hospitali. Huo ni ugonjwa na una tiba, wala si ulegevu wala jini.

Wala sisemi kila kilio ni cha kawaida. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa au mwili wa baridi usio wa kawaida, asiyetaka kunyonya, aliyelegea, mwenye degedege, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayetapika kijani, mwenye utosi uliovimba au uliobonyea, huyo mpelekeni kituo cha afya usiku huo huo. Mtoto aliyenyweshwa dawa ya usingizi hawezi kuwaonyesha dalili hizo vizuri. Mtadhani amelala.

Nirudi kwa majirani na waume. Bibi zetu hawakuwa na siri yoyote. Walikuwa na watu. Katika arobaini mzazi alikuwa na mama, shangazi, wifi, kila mmoja na mikono miwili, mtoto anapita begani kwa huyu hadi kwa yule, na mama yake hashiki ufagio. Leo kazi ya watu watano tumemwachia binti wa miaka ishirini, kisha tunamgongea ukuta. Ua wetu tumefanya kikao kidogo, hakuna aliyetuagiza. Magharibi namfunga mtoto mgongoni mimi mpaka saa tatu, mama yake anakula, anaoga, analala. Wasichana wa chumba cha mbele wanafua nepi Jumamosi. Mume akirudi na bajaji alfajiri anamchukua mwanawe kifuani kwanza, mkewe apate kipande cha usingizi kabla ya jua. Chupa imemwagwa. Mtoto bado analia, msidhani nimefanya muujiza, lakini hutulia haraka, na mama yake sasa anacheka. Aliyekuwa akigonga ukuta nimemwona juzi anampepea.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akizaa zaidi ya mmoja, na akirudi kazini anastahili hadi saa 2 kwa siku za kwenda kunyonyesha. Waajiri wanaijua, wengi wanajifanya wamesahau. Akina dada, dai saa zako. Baba anapewa siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Wakenya wana wiki mbili. Siku 3 zinaisha mtoto bado kitovu hakijakatika, na wiki ya sita, kilio kinapofika kileleni, baba yuko zamu. Na dereva bajaji, mama lishe na machinga hawana likizo hata ya hizo. Wabunge wakae na hilo.

Wauza dawa, ombi langu kwenu ni swali moja tu: "Mtoto ana umri gani?" Mkijibiwa wiki sita, chupa irudi rafu, na mwelekezeni mama kliniki.

Mkunga mstaafu,
Ngamiani, Tanga.

Nimesahau, na sitaki kuanza barua nyingine: wasomaji wa kwenye baridi, Makete, Mufindi na Lushoto, msiingize jiko la mkaa chumbani kumpasha mzazi na mtoto mkafunga mlango. Moshi wake hatari hauonekani wala haunuki, na huua familia nzima usingizini. Mtoto apashwe kwa ngozi ya mama yake, kifua kwa kifua, blanketi likiwafunika wawili hao mgongoni, uso wake ukiwa wazi.